Configure ikisema "no", fungua config.log kwanza

Ukiendesha ./configure, skripti inayokagua mashine yako kabla ya kujenga programu, mistari inapita mbio, na mmoja wao unasema: checking for strlcpy... no, yaani haikuiona strlcpy, fanksheni ya C ya kunakili maandishi. Wengi hawaujali. Mimi nimejenga programu za C kwa miaka mingi, na ushauri wangu ni huu: usiiamini "no" hiyo kabla hujajua imetoka wapi.

Skripti hiyo, inayotengenezwa na zana ya Autoconf, huandika programu ndogo ya C, inaitangaza fanksheni juujuu tu (kitu kama char strlcpy ();), inaiita, kisha inajaribu kukompaili na kuunganisha na maktaba. Ikifaulu, alama HAVE_STRLCPY inaingia kwenye config.h, faili ambalo msimbo wa programu hulisoma. Ikikwama kwa sababu yoyote ile, jibu ni "no", na ujenzi unaendelea kimya kimya, pengine bila kipengele ulichokihitaji.

Strlcpy kweli haikuwamo kwenye glibc (maktaba ya C ya Linux nyingi) hadi toleo 2.38 la mwaka 2023, ingawa watu wa mfumo endeshi wa OpenBSD walikuwa nayo tangu 1998. Hiyo ni "no" ya haki. Lakini weka -Werror, bendera inayogeuza kila onyo kuwa kosa, kwenye CFLAGS (orodha ya bendera za kompaila) kabla ya configure uone: kwa fanksheni kama memcpy, lile tangazo la juujuu linagongana na memcpy anayoijua kompaila, onyo linageuka kosa, nawe unaambiwa mashine yako haina memcpy! Bendera hiyo ingoje hadi wakati wa make, yaani ujenzi wenyewe.

Kwa hiyo fungua config.log, faili la kumbukumbu ambalo configure huliacha, tafuta jina la fanksheni. Utakuta amri iliyotumika, ujumbe wa kosa, na ile programu ndogo yote. Ukisoma "undefined reference", haimo kwenye maktaba zilizounganishwa. Huenda imo kwenye nyingine, kama clock_gettime, fanksheni ya kusoma saa, iliyokuwa kwenye maktaba ya librt kabla ya glibc 2.17. Ukisoma kosa tofauti, kipimo chenyewe ndicho kibovu.

Kibovu hata kwa makusudi. Mwaka 2024, katika hujuma dhidi ya xz, programu ya kubana data, nukta moja ilipachikwa kwenye kipimo cha Landlock (ulinzi wa Linux unaoibana programu isiguse kila kitu) ndani ya CMakeLists.txt, faili la CMake, zana nyingine ya ujenzi. Msimbo ukawa haukompailiki kamwe, na ulinzi huo ukazimwa bila onyo. Nukta moja tu!

Mnaotumia CMake, kuanzia toleo 3.26 kumbukumbu zenu zimo CMakeFiles/CMakeConfigureLog.yaml. Mkisharekebisha, futeni CMakeCache.txt kabla ya kurudia, la sivyo mtasomewa jibu lile lile la zamani.