Una elfu themanini na unataka saa janja ya kupima presha? Soma hii kwanza

Juzi dada mmoja kanitumia meseji, "Dada habari za kazi, nina elfu themanini nataka saa janja inayopima presha na sukari, nichukue ipi pale Kariakoo?" Nikaanza kumjibu kwa kifupi nikaona hapana nitamdhulumu, maana swali hili naulizwa sana, naulizwa pale kaunta kwenye duka la dawa ninapouza, naulizwa kwenye grupu letu la jogging, na sasa hivi ananiuliza mpaka shemeji yangu ambaye alinicheka mbele za watu kwa saa niliyonunua. So naandika hapa mara moja tusome wote.

Naanza na sukari maana hiyo haina mjadala. Hakuna saa inayopima sukari kwa kuwaka taa tu juu ya ngozi. Haipo, iwe ya elfu thelathini iwe ya milioni. Tarehe 21 Februari 2024 FDA, ile mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilitoa onyo watu wasitumie saa wala pete yoyote inayodai kupima sukari bila kutoboa ngozi, ikasema haijaidhinisha hata moja. Kuna watu wana namba ya sukari kwenye saa zao na ni halali kabisa, lakini namba ile inatoka kwenye kifaa kingine kimebandikwa mkononi kina kiuzi chembamba kimeingia chini ya ngozi, saa inaonyesha tu kilichotumwa. Sasa mtu wa insulini akiamini saa ya mtaani akajidunga kwa namba ya uongo, sukari inaweza kushuka akapoteza fahamu ndani ya masaa machache. Nimeanza na hili kwa sababu kwenye maboksi wanaandika kwa herufi kubwa na wauzaji wanalisema bila hata kupepesa macho.

Presha sasa. Hapa naomba tukae kidogo.

Kuna mzee mmoja mteja wetu wa siku nyingi hapa Temeke, dawa zake za presha anachukua kwetu kila mwezi, mtu wa salamu na utani, akija duka zima linachangamka. Ikapita miezi simuoni. Nikajua labda amehamia kwa wanae. Siku akatokea, anataka panadol tu, kichwa kinamgonga. Nikamwamkia, nikamuuliza mzee wangu dawa zako vipi mbona hufiki? Akanyoosha mkono kwa furaha kabisa, "Mwanangu mi nimepona, hii saa kaniletea kijana wangu, napima asubuhi na jioni, presha yangu ya kijana." Akabonyeza pale pale, ikatoa 118 kwa 76. Nikamwambia baba kaa hapo kwenye benchi upumzike kidogo halafu nikupime na hiki chetu cha mkono. Kikatoa 178 kwa 104. Nikarudia mkono wa pili, kule kule. Nikavaa ile saa mimi mwenyewe, ikaniambia 118 kwa 77! Mimi na mzee wa miaka sabini na kitu presha yetu moja. Tukamtafutia bajaji akapelekwa hospitali na mjukuu wake, mshukuru Mungu aliwahiwa. Mpaka leo nikikumbuka roho inaniuma, sio kwa mzee, mzee kosa lake nini, aliletewa zawadi na mwanae kwa upendo. Naumia kwa yule aliyemuuzia yule kijana akamwambia hii inapima presha baba yako asihangaike tena.

Elewa kinachotokea. Kipimo halisi cha presha kina kile kitambaa kinachojaa upepo kikabana mkono mpaka damu inasimama kidogo, halafu kinaachia na kusoma. Saa haina cha kubana. Nyingi za bei ya chini zinachukua mapigo ya moyo, zinachanganya na umri na urefu uliojaza wewe mwenyewe, zinakisia namba inayopendeza. Hata kampuni kubwa zinajua ugumu huu. Samsung kwenye saa zake zenye kipengele cha presha anakutaka uiseti kwa kipimo cha mkono halafu urudie kila baada ya siku 28. Huawei alipotaka kufanya kweli ikabidi atoe saa yake ya Watch D yenye kimfuko cha upepo ndani ya mkanda wenyewe, na hiyo sio saa ya elfu themanini. Kwa hiyo jamani, wa laki moja kushuka chini, neno presha kwenye boksi lifute kichwani. Usilipie, usilifurahie, na usimpe mama yako.

Sasa saa ya bei nafuu inaweza nini? Inaweza mengi na mi naipenda, siwezi kutoka bila yangu. Vile vitaa vya kijani nyuma vinamulika ngozi, damu inanyonya ule mwanga, kila pigo la moyo mwanga unaorudi unabadilika, saa inahesabu. Ndo maana mapigo ukiwa umetulia inayapata vizuri tu. Ukiwa unakimbia mkanda umelegea inapotea. Tatuu inaizuia, na ngozi nyeusi sana inaweza kuipa kazi zaidi, hivyo sisi wengine tukaze mkanda kidogo na kuupandisha juu ya kifundo wakati wa mazoezi. Hatua inahesabu ila ukipanda bodaboda barabara ya mashimo utapewa hatua za bure. Usingizi inakadiria, muda wa kulala na kuamka iko poa, hizo hatua za usingizi mzito na mwepesi usizilie kiapo.

Nilivyochagua yangu. Kabla sijaenda nilijiuliza mi nataka nini mkononi, sio nini kipo sokoni. Kazini simu inakaa droo, sipendi kuishikashika mbele ya wateja, so nataka nione nani anapiga na meseji za nyumbani. Jumamosi nakimbia na wenzangu, nataka mapigo. Umeme kwetu unaweza kukatika jioni ukarudi usiku umeshalala, so sitaki kitu cha kuchajiwa kila siku. Jua la Dar mchana, nataka kioo kisomeke. Basi. Sikutaka kupigia simu kwenye saa, sikutaka kulipia kwa saa wakati kila duka ninaloingia nalipa kwa Lipa Namba.

Nikaingia Kariakoo, hatua mbili mtaa wa Aggrey winga ameshanidaka, "dada'angu njoo huku, unataka nini, saa? Twende nikupeleke kwa bosi bei ya jumla." Nikamshukuru nikapita, winga akikupeleka hela yake iko ndani ya bei yako. Duka la kwanza kijana akaniwekea mezani lile lisaa likubwa, kioo kikubwa, kitufe cha rangi ya chungwa, limeandikwa Ultra, mikanda saba ndani ya boksi, elfu thelathini na tano. Nikamuuliza kampuni gani imetengeneza? Akasema ni kopi kali. Ya kampuni gani? Kimya. Nikamwambia nionyeshe mkanda wa Xiaomi ule mwembamba, akaniangalia juu mpaka chini, "Dada kile cha kitoto, utavaa vipi mtu mzima kama wewe?" Nikatoka. Nimenunua duka la tatu, Xiaomi Smart Band 9, chini ya laki na nusu, na risiti ya EFD nikapewa.

Kwenye sherehe ya familia shemeji yangu akaniona nayo, yeye kavaa lile la Ultra, akasema kwa sauti watu wote wasikie, "Shemeji hako kabangili umepewa kliniki?" Watu wakacheka. Niliumia sana, sitaficha, maana nilijibana kuinunua na nilijua ninachofanya. Leo lile lisaa lake halimalizi siku moja na chaji, kile kichajio chake cha sumaku kimekufa hakuna kingine kinachoingiliana nacho, na mimi yangu nachaji mara moja nasahau, kampuni wanasema mpaka siku 21, kwa matumizi yangu ya mapigo muda wote haifiki huko ila wiki mbili nazigusa. Akaja mwenyewe, "Shemeji ile yako inaitwaje?" Nikamtajia. Sikumcheka. Ila moyoni nilishiba.

Sasa ukifika dukani fanya haya mbele ya muuzaji, usione aibu, hela ni yako. Ivae, shika mshipa wa mkono wa pili kwa vidole, hesabu mapigo nusu dakika zidisha mara mbili, linganisha na saa. Halafu panda ngazi, maghorofa ya Kariakoo yana ngazi za kutosha, shuka uangalie kama namba imepanda kama moyo wako ulivyopanda. Ikikaa pale pale 75 wakati unahema, rudisha. Pili hakikisha programu ya saa inaingia kwenye simu YAKO, sio ya muuzaji, nenda na bando uishushe pale pale. Hapa wengi wanapigwa, Apple Watch haifanyi kazi bila iPhone, na Galaxy Fit3 ya Samsung ni ya Android tu, iPhone haiitambui. Xiaomi, Huawei na Amazfit zinakubali pande zote. Tatu, kichajio. Uliza cha akiba kinapatikana wapi na bei gani, maana kila saa ina chake, kikipotea saa imekufa.

Maji. Wakikwambia "haingii maji" uliza imeandikwa nini. IP67 ni kuzama mita moja kwa nusu saa kwenye maji yaliyotulia, inatosha mvua, kuosha vyombo na udhu. Unaogelea? Tafuta iliyoandikwa 5ATM, hiyo ndo imetengenezwa kuhimili kuogelea. Ukitoka Coco Beach au Kigamboni isuuze kwa maji ya bomba, chumvi inakula zile pini za kuchajia. Na mkanda wa silikoni na joto letu hili, vua usiku, osha kwa sabuni, kausha, la sivyo utapata vipele ukaja kwangu kununua dawa ya fangasi wakati sio fangasi.

Wenye Tecno na Infinix nisikilizeni. Saa ikiacha kuleta meseji usikimbilie kusema mbovu. Simu zenu zinapenda kuua programu zinazokaa nyuma ili betri idumu. Ingia kwenye mipangilio, tafuta programu ya saa, iruhusu ijiwashe yenyewe na iondolee kizuizi cha betri. Nimewatengenezea watu wengi hii kaunta hapo hapo na wanashangaa.

Na meseji za M-Pesa zizime kwenye saa. Kwenye mwendokasi mmebanana, mkono umeshika bomba juu, "Umepokea Tsh..." inawaka mbele ya macho ya watu sita. Ingia kwenye programu chagua zipi zionekane, mi nimeacha simu, WhatsApp na kengele ya dawa ya mama.

GPS ya ndani, yaani saa yenyewe kurekodi njia uliyopita, ni ya mtu anayekimbia bila simu. Mi simu iko kwenye kimkoba kiunoni, so nikikimbia Daraja la Tanzanite na wenzangu saa inachukua njia kutoka kwenye simu. Kama wewe unaacha simu nyumbani tafuta yenye GPS yake, Amazfit Bip 6 kwa mfano inayo, ila jiandae kuongeza hela. Anayetaka kuongea na simu mkononi akiwa dukani au jikoni, Redmi Watch 5 Active ina spika na maiki na kioo kikubwa, inawafaa wazee wasioona maandishi madogo.

Sasa dada yangu wa elfu themanini, sijakusahau. Ulivyoniandikia tena ukasema presha ni ya mama na yuko kwenye dawa. Usinunue saa. Chukua hiyo hela nenda duka la vifaa tiba au famasi, omba kipimo cha presha cha mkono wa juu, sio cha kifundo cha mkono, cha mkono wa juu, na umwambie mama aende nacho kliniki siku moja walinganishe na cha kwao. Apime akiwa amekaa ameegemea, miguu chini haijapishana, mkono mezani usawa wa moyo, ametulia dakika tano, hajanywa chai wala kahawa nusu saa kabla. Apime mara mbili, aandike kwenye daftari na tarehe, daktari ataliomba hilo daftari. Ikisoma 140 kwa 90 au zaidi siku kwa siku asisubiri tarehe ya kliniki. Betri zinazouzwa nacho mara nyingi ni dhaifu, nunua mpya. Ukikosa saizi ya kitambaa inayomtosha mkono niandikie tena kabla hujalipa, kitambaa kidogo kwa mkono mnene kinapandisha namba juu.