Maswali na Majibu: Maneno mazito hayatamsaidia mwanafunzi wako

SWALI: Mwalimu, salamu kutoka Arua, Uganda. Ninafundisha Kiingereza pamoja na fasihi yake katika S.3, yaani mwaka wa tatu wa sekondari. Darasa lina wanafunzi 84 na nakala 14 za riwaya tunayosoma. Kila Jumatatu nawapa maneno 20 ya kukariri na maana zake, na Ijumaa wengi wanapata 17 au 18. Lakini kwenye insha maneno hayo siyaoni, au nayaona mahali pasipofaa. Muhula ujao tuna mdahalo na shule jirani. Waliochaguliwa wanakariri hotuba neno kwa neno, na sentensi moja ikiwatoka wanasimama kimya. Mkuu wa shule anataka tununue pamfleti za muhtasari na kumwita mtu wa nje anayefundisha "maneno mazito" kwa wiki mbili. Unashauri nini?

JIBU: Mwalimu mwenzangu, mtu huyo msimwite, na pesa za pamfleti ongezeeni nakala za riwaya yenyewe. Matatizo uliyoyataja yana mzizi mmoja: wanafunzi wako wanahifadhi Kiingereza badala ya kukitumia. Mkimleta mtu wa kuwahifadhisha zaidi, mtaongeza ugonjwa uleule.

Nianze na hayo maneno mazito, maana kila muhula walimu na wazazi huniuliza habari zake, na hakuna imani inayowaharibia vijana uandishi kama hii. Tazama sentensi ya namna ambayo msahihishaji yeyote wa insha anaifahamu: "The plethora of rain made my mother to commence cooking inside." Mwanafunzi aliyeandika hivi anaamini ameng'ara. Kumbe "plethora" huenda na vitu vinavyohesabika vilivyozidi kiasi, kama "a plethora of excuses", wala haiendi na mvua. "Made" haifuatwi na "to" hapo. "Commence" ni neno la sherehe na barua za ofisi, halina kazi jikoni. Sasa soma hii: "It rained so hard that my mother moved the saucepans indoors." Haina hata neno moja ambalo mtoto wa S.1 hajawahi kulisikia, lakini ni Kiingereza kizuri, na msomaji anaona kilichotokea. Msahihishaji hatoi alama kwa urefu wa neno. Anatazama kama neno limekaa mahali pake.

Zile alama 18 za Ijumaa zisikutulize. Zinapima kama mwanafunzi anaweza kuunganisha neno na maana yake siku nne baada ya kuliona, na hiyo ni kazi nyepesi sana kwa kumbukumbu. Wape karatasi hiyohiyo baada ya wiki tatu, bila kuwaonya, uone. Halafu orodha nyingi za maneno 20 zina kosa la ndani: huweka pamoja maneno yanayokaribiana maana, "reluctant", "hesitant" na "unwilling" siku moja. Yakifundishwa pamoja kwa mara ya kwanza huchanganyana kichwani na mwanafunzi hashiki hata moja vizuri. Fundisha moja, liache likae wiki mbili au tatu, ndipo ulete jirani yake.

Punguza hadi maneno manane kwa wiki. Usiyatoe kwenye kamusi. Yatoe kwenye kurasa mnazosoma wiki hiyo, na uchague yale ambayo mwanafunzi atakutana nayo tena katika historia, jiografia na biolojia pia: "evidence", "consequence", "contrast", "reluctant", "gradually". Neno zuri lakini la nadra, lielezeni palepale mnaposoma, mwendelee. Maneno manane kwa wiki 10 za kufundisha hasa ni 80 kwa muhula, 240 kwa mwaka. Ni heri hayo 240 yatumike kuliko 600 yanayosahaulika.

Kwa kila neno, mwanafunzi agawe ukurasa wa daftari katika sehemu nne. Ya kwanza ni neno lenyewe, na silabi yenye mkazo imepigiwa mstari. Usiipuuze sehemu hii: Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na vijana huuhamishia kwenye Kiingereza, ndiyo maana "character" husikika mkazo ukiwa katikati badala ya mwanzoni. Sehemu ya pili ni sentensi ya riwaya ambamo neno limetokea, imenakiliwa nzima. Ya tatu ni maneno linayoandamana nayo. Ya nne ni sentensi ya mwanafunzi mwenyewe kuhusu jambo la kweli analolijua.

Chukua "reluctant". Katika sehemu ya tatu ataandika "reluctant to" na kitenzi baada yake, "reluctantly agreed", na nomino "reluctance". Hapo amejikinga na "reluctant of going", kosa ambalo orodha ya maana haiwezi kulizuia, kwa sababu orodha haimwonyeshi neno linatembea na nani. Sehemu ya nne ndiyo penye kazi. Akiandika "My uncle is reluctant", mrudishie. Futa "reluctant" uweke "happy", na sentensi bado inasimama, kwa hiyo haijaonyesha kwamba anajua chochote. Mdai sababu: "My uncle was reluctant to sell the goat because it was about to give birth." Hapa ukiweka "happy" maana inavunjika. Wafundishe kujipima hivyo wenyewe, nawe utapumzika nusu ya usahihishaji.

Jaribio la Ijumaa liwe na vipengele 10: vinne vya wiki hii, vitatu vya wiki iliyopita, vitatu vya mwezi uliopita. Usiulize maana. Toa nusu ya sentensi wamalizie: "The witness was reluctant to speak because..." Wabadilishane madaftari, nawe uchukue 15 tu kila wiki kwa zamu ukayasome kwa makini. Kuna mwalimu anayesahihisha yote 84 juujuu kwa alama ya vema, na mwisho wa muhula hajui nani anakwama wapi.

Kuhusu fasihi, pamfleti ina hasara mbili. Humpa mwanafunzi hitimisho bila ushahidi, na humwondolea sababu ya kufungua kitabu. Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulioanza 2020, ambao watahiniwa wake wa kwanza walifanya UCE, mtihani wa taifa wa kumaliza S.4, mwaka 2024, umejengwa juu ya kutumia ujuzi katika hali mpya. Aliyekariri kwamba mhusika fulani "ni bahili, mwoga na mwenye tamaa" hana la kusema akiwekewa kifungu mbele yake na kuulizwa mwandishi ameionyeshaje hofu hiyo.

Nakala 14 kwa wanafunzi 84 ni kitabu kimoja kwa watu sita. Si hali nzuri, lakini inawezekana. Chagua kifungu cha mistari 12 hadi 15, kiandike kwa herufi kubwa kwenye karatasi ya manila kabla ya kipindi, ukitundike. Katika dakika 40, kisome kwa sauti mara mbili, kwanza wewe, kisha mwanafunzi. Halafu uliza swali moja tu ambalo jibu lake limo ndani ya maneno ya kifungu. Nitunge mfano: "He counted the coins again before he opened the door." Pamfleti ingesema mtu huyu anapenda pesa. Waambie watazame "again". Alishahesabu, kwa nini anarudia? Watazame "before he opened the door". Kuna mtu nje, naye anataka kuwa na hakika kabla ya kumwona. Huenda zinadaiwa, huenda hazitoshi. Mwanafunzi akiandika kwamba mhusika ana wasiwasi, akanukuu maneno matatu hadi saba, kisha akaeleza neno gani linaonyesha wasiwasi huo na kwa vipi, amejibu. Nukuu ya mistari minne bila maelezo haimwongezei kitu.

Sasa mdahalo. Hotuba ya dakika nne ni maneno 500 hivi kwa mwendo wa kusikika. Aliyekariri huanza kukimbia kuanzia dakika ya pili, kwa sababu anaogopa kusahau, na ukumbi wa mabati ukipigwa na mvua hakuna anayeambulia kitu. Zuia hotuba iliyoandikwa nzima. Kila msemaji abebe kadi moja tu: sentensi ya kwanza imeandikwa kamili, ya mwisho imeandikwa kamili, na katikati hoja tatu, kila moja maneno yasiyozidi matano pamoja na mfano wake. Akikwama, arudie hoja aliyomaliza kwa maneno mengine, ateremshe macho kwenye kadi, anyamaze sekunde mbili, aendelee. Wasikilizaji huona ametulia. Aliyekariri hana njia hiyo, kwa sababu sentensi zake zimefungamana, moja ikikatika zote zimekwenda.

Zoezi la kuwafikisha hapo halihitaji gharama. Madawati ya mstari mmoja yageukie ya nyuma, wanafunzi wawe wawiliwawili. Mmoja aeleze hoja yake kwa dakika nne. Mstari mmoja usogee nafasi moja, aieleze hoja ileile kwa mtu mpya kwa dakika tatu, kisha kwa mwingine kwa dakika mbili. Mara ya tatu utasikia vigugumizi vimepungua na maneno yasiyo na kazi yameanguka yenyewe, kwa sababu hana budi kuchagua. Kutakuwa na kelele, mwarifu mwalimu wa darasa jirani. Usimkatize mtu anaposema. Andika makosa mawili, umwambie akimaliza. Siku mbili kabla ya mdahalo, kila mmoja atetee upande wa wapinzani wake. Asiyeweza kuitetea hoja ya upande wa pili hajui ataijibu namna gani, na waamuzi makini husikiliza zaidi majibu kuliko utangulizi.

Lafudhi iacheni. Kijana wa Arua, Mbale au Kasese anaeleweka vizuri kabisa kwa lafudhi yake akiweka mkazo panapostahili na akisema polepole. Wanaowafundisha watoto kubana pua waigize Marekani wanawafundisha kufikiria midomo yao wakati wanapaswa kufikiria hoja. Na shule ambazo bado humvalisha mtoto kibao shingoni kwa kusema lugha ya nyumbani, zifahamu kwamba mtoto huyo hasemi Kiingereza zaidi. Ananyamaza, halafu tunashangaa kwa nini jukwaani hana sauti.

Nawaambia na wazazi, kwa sababu wao ndio hulipia haya yote. Matangazo ya "Kiingereza fasaha kwa siku 30" yamejaa kwenye nguzo za umeme na kwenye simu. Kinachouzwa mara nyingi ni orodha ya maneno, misemo ya kufungulia hotuba na hotuba mbili tatu za kukariri. Mtoto hurudi nyumbani akitamka ufunguzi mrefu wa kumsalimu mwenyekiti, mtunza muda na hadhira, mzazi hufurahi, ada huwa imekwisha kulipwa. Baya zaidi ni wanaowaandikia watoto hotuba za mashindano kwa malipo. Mtoto huyo hushindwa swali la kwanza kutoka upande wa pili, na aibu ya siku hiyo hukaa naye miaka.

Kabla ya kulipa, omba kumwona mwanafunzi mmoja wa kozi hiyo. Mpe swali ambalo hakuandaliwa, jambo la kawaida tu, kwa mfano kama bodaboda ziruhusiwe kupakia wanafunzi wawili. Mpe dakika moja ya kufikiri na mbili za kusema, kisha umuulize "kwa nini?" mara moja. Omba pia daftari lake, utafute sentensi alizotunga mwenyewe. Daftari likiwa na maneno na maana zake tu, peleka pesa hizo duka la vitabu, ununue riwaya wanayoisoma shuleni.