Damu Imevilia Chini ya Ukucha: Nitoboe au Nisubiri?

SWALI: Daktari, mimi ni seremala hapa Kibuye. Jana jioni nyundo iliteleza ikaniponda kidole gumba cha kushoto. Kufikia usiku ukucha ulikuwa mweusi wote, na kidole kikawa kinapwita hata nikakosa usingizi. Wenzangu wa karakana wananiambia nitie sindano motoni, niutoboe ukucha mwenyewe. Je, ni salama?
Msomaji, Kisumu

JIBU: Pole sana, ndugu msomaji. Kinachokuumiza ni damu iliyokosa pa kutokea: ukucha ni mgumu na hautanuki, kwa hiyo damu inayovuja chini yake huikandamiza nyama yenye mishipa mingi ya fahamu. Wenzako hawakukosea kabisa, kwani hata hospitalini ukucha hutobolewa tundu dogo kwa sindano au kwa kifaa chenye ncha ya moto, na damu ikishachuruzika maumivu hupungua mara moja. Ninachokukataza ni kujitoboa mwenyewe, kwa sababu sindano ya karakana huweza kuingiza vijidudu, na pigo lililojaza damu ukucha mzima huenda limevunja pia mfupa wa ncha ya kidole, jambo ambalo hutalijua bila eksirei.

Nenda leo hii. Tundu hufaa zaidi katika saa 24 hadi 48 za mwanzo. Baadaye damu huganda, isitoke kwa urahisi. Kwa sasa kiinue kidole juu ya usawa wa moyo, ukikande kwa barafu iliyofungwa kitambaani, na umeze paracetamol wala si aspirini, ambayo huzidisha kuvuja kwa damu. Ngozi ikiwa imechanika, ulizia chanjo ya pepopunda. (Kama usingekuwa na maumivu makali, ningekushauri uuache ukucha ulivyo.)

Ukucha huo huenda ukang'oka wenyewe, usiuvute. Mpya humea takriban milimita 3 kwa mwezi, hivyo utangoja kama miezi 6, na weusi utasogea mbele pamoja nao. Doa lisilosogea, lililozuka bila kuumia, au linaloenea hadi kwenye ngozi ya shina la ukucha, mwonyeshe daktari, maana saratani ya ngozi huweza kuanza hivyo, ingawa watu weusi wengi huwa na mistari ya rangi kwenye kucha isiyo na madhara yoyote.