Re: Nimekwama na Three Men in a Boat, mbona sicheki?

Mkuu habari. Kwa hiyo hiki kitabu cha vichekesho, Three Men in a Boat, umekinunua kwa sababu ya kava lake zuri ukapanga kukimaliza kwenye joto hili la Januari, umefika sura ya pili na hujacheka hata kidogo.

Kwanza cheki yaliyomo, kikiwa kamili kina sura 19, zikiwa pungufu ujue kimefupishwa, na hicho achana nacho maana utamu wa mwandishi wake, Jerome K. Jerome, uko kwenye kuzunguka kwake na stori za pembeni. Ni cha 1889, jamaa watatu na mbwa wao Montmorency wanapiga makasia mto Thames kule Uingereza, na ukisubiri tukio kubwa utachoka bure, hakuna.

Mimi kilinikolea nilipoanza kukisoma kwa sauti. Rudi sura ya kwanza jamaa anaposoma kitabu cha magonjwa akajikuta anayo yote kasoro moja tu, halafu ruka hadi ya tatu, mjomba Podger anatundika picha ukutani na nyumba nzima haina amani, huyu mjomba kila mtaa hapa Dar yupo jamani! Ya 12 wana nanasi la kopo ila kifungulio hawana, hapo nilicheka mpaka abiria kwenye daladala wakageuka. Akianza historia za wafalme au kusifia mto, ruka tu bila kujilaumu.

Na hilo kava livalishe nailoni ya madaftari kabla hujaenda nalo Kigamboni, jasho na jua la ufukweni vinalimaliza haraka sana.