Maswali yenu: Siku Njema hainiingii

Watu wa rika langu wakisikia Siku Njema nyuso zinawang'aa. Mimi nimeisoma mara mbili na hainiingii. Naambiwa sijui fasihi. Nina kasoro?

Huna. Ila usiishie hapo, tuonyeshe ilipokukwaza. Riwaya hii ya Ken Walibora, iliyotoka mwaka 1996, mimi naipenda mno. Mtoto wa mwimbaji wa taarabu anafiwa na mama, anaondoka Tanga kwenda kumtafuta baba Kitale: nani hataguswa? Hata hivyo, nakala yangu ina alama za penseli pembeni. Msimulizi ni Kongowea, mtoto huyo mwenyewe, na kila anapojieleza namwona mwema kupita kiasi. Ubaya karibu wote uko kwa wengine. Hapo huwa nafunga kitabu kidogo, nivute pumzi. Kama hicho ndicho kinachokusumbua, umesoma vizuri kuliko wengi wanaokizomea kimya chako. Mwambie anayekubishia afungue ukurasa, msome pamoja kwa sauti.

Labda ni kwa kuwa niliisomea mtihani?

Inawezekana kabisa, na inaniuma. Ukimkabidhi kijana wa miaka 16 kitabu kisha ukamwambia "eleza muktadha wa dondoo hili", anajifunza kuwinda dondoo. Hamngoji tena Kongowea afike. Wapo walioipenda riwaya hii darasani hivyo hivyo, lakini wapo pia walioumizwa nayo. Ulipoirudia, uliisoma au uliidurusu? Jaribu sura ya kwanza tu, bila kalamu mkononi.

Rafiki yangu kanizawadia, anangoja nimwambie imenigusa. Nimdanganye?

Usimdanganye. Muulize yeye ilimgusa wapi, umsikilize mpaka amalize, kisha umwambie lako.

Mwandishi alifariki. Kumkosoa sasa si utovu wa adabu?

Msiba wake wa Aprili 2020 ulituuma wapenzi wa Kiswahili, mimi nikiwemo. Lakini Walibora mwenyewe alikuwa mhakiki na mhadhiri wa fasihi. Kupima maandishi ya wenzake ilikuwa kazi yake. Kinachomdhalilisha ni kumsifu bila kumsoma. Na kama Kongowea amekushinda, usimwache mwandishi. Chukua Kidagaa Kimemwozea. Humo hakuna "mimi" anayejitetea: uko Sokomoko, chini ya Mtemi Nasaba Bora, na unamtazama mtawala akioza mbele ya macho yako. Ukimaliza, niandikie tena.