Soya imegeuka zambarau: niichome, niipande au niiuze?

SWALI: Shikamooni wataalamu. Nimepura soya gunia sita, punje nyingi zina madoa ya zambarau. Jirani anasema hiyo ndiyo sumukuvu, nizichome. Ni kweli? Na humo naweza kuteua mbegu?
Msomaji, Namtumbo, Ruvuma

JIBU: Marahaba. Usichome. Rangi hiyo huletwa na kuvu iitwayo Cercospora kikuchii, inayoshambulia maganda wakati wa joto na mvua. Tazama punje kwa karibu: mara nyingi doa huanzia kwenye kitovu chake, kisha husambaa.

Kuvu hiyo ina sumu yake, iitwayo serikosporini, ila ni silaha ya kuulia mmea. Hunasa mwanga wa jua na kuzalisha oksijeni kali inayochanachana utando wa seli. Ndiyo maana shambani majani ya juu hubabuka rangi ya shaba huku yale ya kivulini yakibaki kijani. Sumukuvu tunayoihofia kwenye chakula, aflatoksini, hutoka kwa kuvu nyingine, hasa Aspergillus flavus, ambayo haipaki zambarau. Punje safi machoni inaweza kuwa nayo. Kwa hiyo zambarau itakushushia bei, lakini si kipimo cha sumu.

Kuhusu mbegu, chambua kwanza uondoe zilizotapakaa rangi. Kisha hesabu punje 100 bila kuchagua, zifunge kwenye kitambaa chenye unyevu, na uhesabu zilizoota vizuri siku ya saba. Zikifika 80, panda. Zikiwa 60 hadi 79, ongeza mbegu shimoni. Chini ya hapo, peleka sokoni. Ukitumia dawa ya mbegu kama thiramu, fuata kibandiko, acha ikauke, na bakteria wa soya (wale wa pakiti, wanaosaidia mizizi kupata nitrojeni) uwapake mwisho kabisa, kivulini, siku ileile ya kupanda. Wengi hapa huchanganya vyote kwenye beseni moja. Dawa inaua bakteria, halafu lawama zinaiendea pakiti. Mbegu iliyopakwa dawa hailiwi, hata na kuku.

Msimu ujao shamba hilo lipe mahindi, na mabaki ya soya yafukie. Kuvu hulala humo.

SWALI: Soya ya kuku wangu ililowa ghalani, imeota ukungu. Nikiikaanga vizuri sumu itaisha?
Msomaji, Bungoma

JIBU: Haitaisha. Tunakaanga soya ili kuharibu protini inayomzuia kuku kumeng'enya chakula. Aflatoksini ni sugu zaidi: huanza kuvunjika joto likipita nyuzi 230, na kabla ya hapo soya yako itakuwa mkaa. Udongo wa bentonaiti kwenye chakula hunasa sehemu ya aflatoksini, lakini sumu za kuvu nyingine, Fusarium, mfano zearalenoni inayovimbisha uke wa nguruwe, nyingi huupita. Usiutegemee kuokoa mzigo ulioharibika.

Fukia. Usimpe hata ng'ombe, maana sehemu ya sumu hutokea kwenye maziwa. Kiwango cha Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 za aflatoksini zote kwa kilo, na ile kali zaidi kati yake, B1, peke yake isizidi 5. Jicho halioni kiasi hicho. Tena kagua na mahindi unayochanganya. Kwa kawaida mahindi na karanga hubeba aflatoksini kuliko soya.

SWALI: Nimetikisa soya na chumvi kavu kwenye chupa, chumvi haikuganda. Niweke ghalani?

JIBU: Bado. Chumvi inakuambia tu kwamba unyevu umeshuka karibu asilimia 15. Hiyo ni hesabu ya mahindi. Soya ina mafuta mengi, inataka 13 au chini, na ya mbegu 11 hadi 12. Anika tena siku moja au mbili juu ya turubai, tabaka lisizidi sentimita 5, ukigeuza mara kwa mara. Ya mbegu iondoe kwenye jua kali la adhuhuri, ganda lisipasuke. Uma punje: ikibonyea chini ya jino, irudishe juani, ikikatika kwa mlio, tafuta kipimo cha unyevu uhakikishe kabla ya kufunga gunia.