Kabla hujalipa ada ya kozi ya benki, kakae kwanza nyuma ya kaunta

Wadogo zangu wa Chake, Wete na hata Unguja mnaniuliza sana, dada nisome nini nipate kazi ya kuanzia benki au kwenye SACCOS. Naona bora niandike yote hapa, mana hili jambo naliona linawapotezea vijana wetu pesa na miaka na mie roho inaniuma.

Mie nlipomaliza form foo sikwenda chuo moja kwa moja. Nlikaa kwenye kibanda cha uwakala wa kutuma na kutoa pesa cha mjomba hapo Chake, karibu mwaka mzima, na ndo skuli yangu ya mwanzo ile. Msimu wa karafuu watu wanatoka kituoni kuwauzia karafuu ZSTC (shirika la biashara la serikali ya Zanzibar) wanakuja na pesa zao wanataka kuwatumia watoto wanaosoma Unguja, basi saa nne asubuhi floti (pesa ilomo kwenye akaunti ya wakala) ishakwisha na droo imejaa keshi, na siku nyengine kinyume chake, wote wanataka kutoa na droo tupu. Hapo nikafahamu kwamba floti na keshi ni mtaji ule ule umekaa mahala pawili, ukijumlisha asubuhi na ukijumlisha jioni lazima zilingane (kamisheni iandike mbali). Mtu alokwishafanya hivi kwa miezi sita, ukimfundisha hesabu za benki anakuelewa siku ya kwanza.

Sasa kwenye chuo. Mie nlikosea hapa na sitaki wewe ukosee. Nlilipia kozi ya teller (mhudumu wa kaunta ya benki) ya miezi mitatu mahala ambapo sitopataja, pesa mamaangu kaitoa kwenye karafuu zake, cheti nlichopewa kizuri kina muhuri na kila kitu, nakipeleka kwenye usaili naambiwa hawa hawana usajili wa NACTVET, baraza la serikali linalosajili vyuo vya ufundi. Basi, imekwisha hivo. Kwahiyo kabla hujatoa hata shilingi omba namba ya usajili ya chuo uihakiki, na uulize kozi yenyewe iko ngazi gani. Ngazi ya 4 ndo cheti cha mwanzo, wanataka ufaulu wa masomo manne ya form foo yasiyo ya dini, unasoma mwaka mmoja, halafu ya 5, halafu ya 6 ndo stashahada. Swali la pili uliza fildi, yaani mafunzo ya kazini: wanafunzi wanapelekwa wapi na wiki ngapi. Chuo kikikujibu kwamba fildi utajitafutia mwenyewe, jua kazi kubwa watakuachia wewe.

Ntakwambia kwanini nasisitiza vitendo. Nlipoanza kazi ya kaunta, mwezi wa kwanza tu, jioni nafunga hesabu nakuta imepungua shilingi 90,000. Nikahesabu tena, na tena, mikono inatetemeka, mana upungufu ule unalipa mwenyewe. Bosi wangu, mama mmoja wa makamo mwenye utulivu wake, hakunigombeza, kaniuliza tu: "Tisini elfu inagawika kwa tisa?" Nikamwambia inagawika. "Basi mwanangu usihesabu noti tena, tafuta tarakimu zilopinduka." Tukapitia karatasi moja moja, na kweli, kuna mtu kaweka 120,000 mie nikaingiza 210,000. Akairekebisha palepale kabla hatujafunga. Tarakimu mbili za jirani zikibadilishana nafasi tofauti yake siku zote inagawika kwa tisa, na kama haigawiki tazama nusu yake, huenda kuna muamala wa kiasi hicho umeuingiza upande siwo. Hili darasani walinipitishia kwa dakika tano tu na sikulijali. Na ikizidi pia sema, usifikiri ya kuzidi ni riziki yako, hiyo ni ya mtu na kesho atarudi.

Noti nazo zizoeshe mikono yako. Chukua noti ya 10,000, pitisha kidole kwenye maandishi, yanakwaruza, inyanyue kwenye mwanga uone sura ya Mwalimu Nyerere. Fanya hivo mara elfu mpaka noti ya bandia ikipita ushtuke kabla hujaitazama.

Halafu kuna jambo la kwetu hasa, na kozi nyingi wanalipita juu juu. Bi mkubwa atakuja kaunta, mtandio kajifunga, atakuinamia akuulize kwa sauti ya chini, "Mwanangu, hii haina riba?" Hapo huwezi kubabaika. Lazima ujue kumueleza murabaha kwa lugha ya nyumbani: unataka pikipiki ya 2,500,000, benki inainunua kwanza iwe yake, halafu inakuuzia 3,000,000 na faida yake umeambiwa wazi, unalipa 250,000 kwa miezi 12, na bei haipandi hata ukichelewa. Mudharaba nayo, kwamba wewe na benki mnagawana faida kwa mafungu mlokubaliana, hakuna anokuahidi asilimia maalumu ya pesa yako. PBZ (Benki ya Watu wa Zanzibar) wana huduma za Kiislamu na benki nyengine pia, kwahiyo anoyajua haya vizuri hapa kwetu anatafutwa. Mie nliyasoma mwenyewe usiku, nikimuuliza ustadhi wa madrasa kila nikikwama.

Kompyuta jifunze Excel, hiyo haina mjadala.

Na kama sasahivi huna ada, nenda kwa mwenye kibanda cha uwakala hapo mtaani kwenu, msalimie vizuri, mwambie utamsaidia kuandika daftari kila jioni bila ya malipo. Daftari la mjomba ninalo mpaka leo. Ukurasa wa mwanzo jumla ya floti na keshi ya asubuhi na ya jioni zimepishana kwa shilingi 2,000, nimeizungushia wino mwekundu, na ukurasa wa pili tarehe ya siku ya pili yake, zimelingana.